Marejeo ni ngamani: maswali ya mabaharia waliostaafu Lamu, na ya wake zao

Maswali haya huulizwa kila siku pale mbele ya bahari, kuanzia Mkunguni hadi jeti. Mengine huulizwa kwa sauti watu wakiwepo, mengine husubiri mpaka muuza kahawa achukue dele lake aende zake. Nimeyajibu kwa ninavyoyajua mimi, mtu wa chumba cha injini katika meli za mizigo, si mtu wa juu kwa kepteni. Ninaposema baharia nakusudia wote: wa meli za kigeni, wa matagi (meli ndogo za kuvuta nyingine) ya Mombasa, na manahodha na serahangi wa majahazi. Shida zao hazilingani, na pale zinapoachana nitasema.

Nimesharudi nyumbani lakini ardhi bado inayumba. Huu ni ugonjwa?

Kwa siku moja au mbili, hapana. Mwili umekaa miezi ukijirekebisha kwa kila wimbi, na ubongo haupati habari siku hiyohiyo kwamba sakafu imetulia. Utajishika ukutani ukioga, na ukifumba macho kwenye sijida utaona kama msikiti unapanda na kushuka. Inapita yenyewe. Tembea, usilale. Nenda Shela kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, macho uyaweke mbali, si chini ya vidole.

Wako wachache ambao hali hii huwashika wiki kadhaa au hata miezi. Dalili yao ni kwamba wakiwa ndani ya chombo kinachokwenda hujisikia wazima, wakishuka tu wanayumba tena. Kama mwezi umepita, muone daktari. Na kama kizunguzungu kimekuja pamoja na mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukwama, hiyo si bahari, ni dalili ya kiharusi: nenda hospitali ya King Fahd saa hiyohiyo, usingoje kupoe.

Kila usiku naamka saa kumi kasorobo. Mke wangu amechoka nami.

Ulikuwa zamu ya saa kumi hadi saa mbili, sivyo? Saa nne kazini, nane kupumzika, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Mwili umeandikwa hivyo. Aliyekuwa zamu ya usiku wa manane ana shida kubwa zaidi, maana yeye usingizi humjia watu wakiwa wanakwenda sokoni.

Wewe una bahati, kwa kuwa saa yako iko karibu na alfajiri. Amka, tawadha, swali, nenda msikitini, na ukirudi usijitupe kitandani tena ukalala mpaka saa nne za asubuhi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaendelea kulala vipande vipande kama wako melini, na usiku wanakesha wakigeuka. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa baada ya adhuhuri. Kahawa ya alasiri ipunguze, ingawa najua nimesema neno zito kwa mtu wa Lamu.

Na taa usiwashe ukiamka. Mwenzio hana zamu.

Mume wangu amestaafu mwaka huu. Sasa anaamrisha mpaka jikoni. Nifanyeje?

Dada yangu, hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote kwenye orodha hii, ila huulizwa na wanawake, na huletwa kwangu kupitia wake wa marafiki.

Mimi naona mambo hivi. Kwa miaka yote hiyo yeye alikuwa anakuja likizo, na wewe ulikuwa unampokea kama mgeni: chakula anachokipenda, watoto wanaambiwa wanyamaze baba amelala, ugomvi wa shule na wa mabomba ya maji unafichwa mpaka aondoke. Nyumba uliiendesha wewe. Uliozesha, ulizika, ulijenga choo, ulilipa karo, ulisimamia mafundi. Yeye alituma pesa, na pesa zilikuwa na kazi yake, lakini uamuzi ulikuwa wako. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu siku ya tatu hakupewa kitu, akaona jembe pekee lililolala bila mwenyewe ni kuamrisha.

Namjua bwana mmoja aliyekuwa stuwadi mkuu. Mwezi wa kwanza alihesabu kila kitu kilichokuwemo stoo ya nyumba: mchele, unga, mafuta, tambi, hata vipande vya sabuni. Akaandika orodha kwa wino mweusi, mstari kwa mstari, akaibandika kwenye mlango wa jiko na nafasi ya kutia saini. Mkewe hakusema neno. Baada ya siku chache aliigeuza ile karatasi, akaandika nyuma yake madeni ya dukani, akaibandika tena palepale. Bwana alipoyasoma ndipo alipojua nyumba yake inakula kwa nani na kwa nini.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako: usimpe vipande. "Nisaidie hiki, nishikie kile" humfanya ajione kijakazi, na atalipiza kwa kukosoa. Mpe jambo moja zima, lenye mwanzo na mwisho, na usiliingilie hata akilikosea. Maji, kwa mfano: tangi, pampu, bili, fundi, yote yake. Au matengenezo ya dari na boriti zilizoliwa. Au mjukuu mmoja na chuo chake. Lakini usianze na samaki. Wewe una mchuuzi wako anayekuwekea changu na tafi wazuri, na baharia aliyekaa nje miaka thelathini atanunua kwa bei ya mtalii.

Na kwake yeye: bwana, manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo hiki kilikuwa na nahodha wake kabla hujashuka. Kaa kwanza uangalie kinavyoendeshwa. Hesabu za nyumba usizidai kama mkaguzi, omba ufundishwe. Ukiona jambo linafanywa kwa njia usiyoielewa, mara nyingi lina sababu ambayo wewe hukuwepo ilipotokea.

Baba amerudi moja kwa moja, lakini haongei nasi. Amekasirika?

Mwanangu, huenda hajui aongee nini. Yeye alikuacha unatambaa, akakukuta umeolewa. Mtaani kila anayemuona anamuuliza, "Umekuya lini? Warudi lini?" na akijibu kwamba harudi tena, mazungumzo yanaishia hapo. Melini pia maneno yalikuwa machache na ya kazi. Wanaishi watu ishirini hivi kwenye meli kubwa, wa mataifa manne au matano, na wanaweza kumaliza mkataba bila mtu kuuliza mwenzake jina la mama yake.

Usimkalishe kitako umhoji. Mpe kazi ya mikono na ukae karibu. Baba yako aliyekuwa dek anajua kamba. Mletee wavu wa kutia viraka au kamba ya mashua ya mjomba iliyokatika. Atazungumza macho yakiwa kwenye kazi. Hadithi za kwanza zitakuwa za bandari, Santos, Karachi, Rotterdam, na zitajirudia. Za kweli zitakuja nyuma yake.

Ila kama hali chakula vizuri, hapati usingizi, hataki kuoga, au anasema maneno ya kuchoka na uhai, hapo si ukimya wa baharia tena. Mtu huyo apelekwe hospitali, na imamu anaweza kusaidia kumshawishi akubali kwenda.

Nataka kununua boti nibebe watalii. Wazo zuri?

Kila anayestaafu hupata wazo hili kati ya mwezi wa pili na wa nne. Lina utamu wake: bado uko baharini, unalala nyumbani, na wewe ndiye bosi. Nitakupa yanayosahaulika.

Kwanza, ubaharia wa meli kubwa si ubaharia wa hapa. Mtu amevuka Atlantiki mara nyingi, kisha anakwenda Pate, anaingia mkondo wa Mkanda maji yakiwa yanatoka, na anapwelewa huku kina mama wa Faza waliomo chomboni wakimtazama. Mkanda hupitwa maji yakiwa yamejaa, na mtoto wa Matondoni anayajua hayo kabla hajajua kusoma. Bamvua na maji mafu, fungu lililohama tangu mwaka jana, mahali upepo wa matlai unapogeuka: hayo hayamo katika cheti chako. Mimi nilikuwa chini na mashine. Usukani wa mashua nilifundishwa na kijana mdogo kuliko mwanangu, na alinicheka kwa adabu.

Pili, chombo cha mbao hakikai tu. Kinataka kupandishwa mchangani, kitolewe uchafu, kikalafatiwe kwa pamba pale palipofunguka, kipakwe deheni (mafuta na chokaa) chini wadudu wa baharini wasiitoboe mbao, na juu kipate sifa, yale mafuta ya samaki. Ukiacha msimu mmoja, fundi wa Matondoni atakuonyesha kwa kidole chake kinavyozama ndani ya ubao. Boti ya faiba ina nafuu hapo, lakini injini yake inakunywa petroli, na petroli ya kisiwani ina bei yake.

Tatu, makaratasi. Chombo kisajiliwe na kikaguliwe na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, na anayekiendesha awe na leseni ya chombo kidogo. Cheti cha meli kubwa hakichukui nafasi yake. Laifujaketi ziwe za kutosha kila abiria, pamoja na za watoto.

Nne, na hili ndilo la pesa: watalii wanakuja kwa msimu. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba, utawapata. Kusi ikichacha na mvua za masika zikimwagika, hoteli za Shela nyingine hufungwa, na boti yako itakaa ikila deheni. Tena Lamu tumeshaona utalii ukikatika ghafla, kama baada ya watu kutekwa Kiwayu na Manda mwaka 2011. Ukiingiza kiinua mgongo chote kwenye boti, umekitia chini ya mambo usiyoyatawala.

Ukitaka bado, ingia ubia. Tafuta kijana mwenye mashua na asiye na mtaji wa kutengeneza tanga au injini. Yeye ana maji, wewe una pesa kidogo na Kiingereza cha melini. Andikeni mkataba, hata mkiwa ndugu. Hasa mkiwa ndugu.

Nimelipwa pesa zangu zote za mwisho. Nizifanye nini?

Mwaka wa kwanza, usizifanye jambo kubwa. Mji mzima unajua umerudi, na kila mtu ana dharura. Wema wa kutoa una thawabu zake, lakini jiwekee kiasi cha kutoa, na kikiisha useme kimeisha.

Kama uliwahi kuajiriwa Kenya, angalia akaunti yako ya NSSF. Umri wa mafao ni miaka 60, na aliyeacha kazi anaweza kuomba kuanzia 50. Waliosaini meli za kigeni kupitia ajenti wengi wao hukuta hawakukatwa hata senti, maana mwajiri hakuwa hapa. Hilo ni chungu, na ni heri kulijua ukiwa na miaka 45 kuliko 60. Kwa hiyo nyinyi mlioko bado baharini, changieni kwa hiari.

Bima ya afya: tangu Oktoba 2024 NHIF imeondoka na SHA imeingia. Unaweza kujisajili kwa simu, *147#. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kisha hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Ilipe ukiwa mzima na pesa bado zipo. Mtu wa baharini alizoea kutibiwa kwa gharama ya mwenye meli, na bili ya kwanza ya rufaa kutoka Lamu hadi Mombasa humshtua kuliko ugonjwa wenyewe.

Usitie pesa katika ardhi ya bara, upande wa Mokowe au Kililana, bila serchi rasmi ya ofisi ya ardhi na bila kukanyaga shamba lenyewe ukiwa na majirani. Habari za bandari mpya ya Lamu zilipoanza kuvuma, vipande vilivyouzwa mara mbili na mara tatu vilikuwa vingi. Na kama una nyumba ya mawe katika mji wa kale, kumbuka mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Kuongeza ghorofa au kubomoa daka lako uweke duka kunahitaji kibali, na watu wa makumbusho watakuja kutazama.

Mimi sikuwa wa meli, nilikuwa nahodha wa jahazi la boriti. Nina haki gani?

Mzee wangu, kwa makaratasi, chache. Majahazi yalibeba boriti za mikoko hadi Uarabuni na Ghuba kwa kaskazi na kusi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982. Baadaye kazi ikabaki ya Mombasa na hapa hapa. Mgao ulikuwa wa mafungu, chombo fungu lake, nahodha lake, mabaharia yao, na mafungu hayaachi kitabu. Hakuna mkataba wa kumshika mtu.

Ukifika miaka 70 na huna pensheni, uliza kwa chifu habari ya Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na hazitoshi, lakini ni zako. Nenda na kitambulisho, na uende mwenyewe. Wazee wetu wengi hukosa kwa sababu mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa ulikisiwa na karani aliyetaka kumaliza foleni, na marekebisho huchukua muda.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa meli hatuna, nalo ni kwamba kazi yako bado inatakiwa. Mashindano ya majahazi ya sikukuu yanahitaji wazee wa kuamua na wa kufundisha. Vijana wanaobeba wageni wanajua kuvuta demani, kamba ya tanga, lakini foromali, mti unaobeba tanga, ikivunjika kwenye bahari wazi nje ya Manda, wachache wanajua la kufanya. Ukialikwa, nenda. Na ukialikwa na hoteli ukae kwenye mashua na kilemba upigwe picha, taja bei yako.

Nilifanya kazi chumba cha injini. Siku hizi nasikia kwa shida, na kikohozi hakiishi.

Haya ni mawili, usiyachanganye.

Masikio kwanza. Kelele ya injini huua usikivu polepole, na huanza na sauti nyembamba: unasikia kwamba mjukuu anaongea lakini hushiki maneno, hasa palipo na watu. Kilichopotea hakirudi. Kifaa cha kusikilizia husaidia, na kipimo ukifanyiwe Mombasa kama hapa hakipatikani. Jamaa zako waambie wasipige kelele, waje mbele ya uso wako. Mengi yanayoitwa ukali wa wazee wa melini ni uziwi tu.

Kikohozi sasa. Meli za zamani zilifungwa asbesto kwenye mabomba ya mvuke, maboila na kuta za chumba cha injini. Tuliikata kwa msumeno, tukaifagia kwa mkono, na vumbi lake tulilivuta. Vitu vipya vya asbesto vilipigwa marufuku kwenye meli hatua kwa hatua, marufuku kubwa ikianza Julai 2002 na ya jumla ikaja 2011, lakini meli zilizokuwa nayo ziliendelea kusafiri. Madhara yake hujificha miaka ishirini, thelathini, hata arobaini, kisha yanatoka kama kovu la mapafu au saratani ya utando wake. Kwa hiyo ukimuona daktari usiseme tu "nakohoa". Sema: nilikuwa injini, meli za miaka fulani, nilishika asbesto. Asipoambiwa atatibu kifua cha kawaida au atatafuta kifua kikuu peke yake. Na kama unavuta sigara, acha. Asbesto na sigara vikikutana hatari ya saratani ya mapafu huongezeka sana.

Kitabu chako cha ubaharia usikitupe kamwe. Ndicho kinachoonyesha ulikuwa meli gani na lini, na bila hicho dai lolote, lako au la warithi wako, halina pa kusimama.

Meli ya mwisho ilituacha bila mshahara. Haki yetu imeshapita?

Pengine bado. Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 mwaka 2014. Marekebisho yaliyoanza kazi Januari 2017 yanamtaka mwenye meli awe na bima ya mabaharia waliotelekezwa, nayo hulipa hadi mishahara ya miezi minne pamoja na nauli ya kurudi kwao. Kutolipwa miezi miwili ni mojawapo ya alama za kutelekezwa. Cheti cha bima hiyo hubandikwa melini mahali pa wazi; kama ulikipiga picha, umejisaidia. Peleka mkataba, kitabu, na karatasi za mshahara kwa KMA au kwa mkaguzi wa ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafiri, aliyeko Mombasa. Usisaini karatasi inayosema umelipwa chote ili upewe nusu.

Nilishikwa na maharamia. Miaka imepita lakini bado naota.

Hauko peke yako pwani hii. Walioshikwa miaka ile ya uharamia wa Somalia wapo, na wengi walirudi wakaambiwa washukuru wametoka wazima, basi. Shukrani ipo, na ndoto zipo vilevile. Kushtuka mashua yenye injini ikipita kwa kasi usiku, kukaa ukiangalia mlango, kushindwa kukaa msikitini safu ya katikati: daktari wa akili anayajua haya kwa jina na yana tiba. Kisomo kisomwe, hakuna ubaya, lakini kisiwe badala ya hospitali.

Kwa walio kazini: tangu Desemba 2020 mkataba wa kazi unaendelea na mshahara unalipwa kwa muda wote baharia anaposhikiliwa. Familia zijue hilo.

Naweza kupata kazi bandari mpya?

Magati ya mwanzo yapo, la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na meli tunaziona. Lakini bandari ya kontena inataka watu wa mashine na kompyuta, na wasimamizi wachache. Mstaafu mwenye cheti cha uafisa au uinjinia aulize. Wengine nafasi yenu iko katika mambo ya pembeni: kuzungumza na mabaharia wanaoshuka, ugavi, tafsiri. Mimi naitumia bandari hiyo kwa kutazama tu. Meli yoyote ya tani 300 na zaidi ya safari za nje lazima itangaze jina na njia yake kwa redio, na simu inaonyesha. Tunabishana barazani inatoka wapi kabla hatujafungua simu. Ni starehe isiyo na gharama.

Na ile fidia ya wavuvi ya bilioni 1.76?

Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Malindi wa 2018 ulikuwa wa wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari. Kama ulikuwa Singapore wakati huo, si yako. Usijiandikishe kwa jina la ami yako.

Nioe mke wa pili sasa kwa kuwa nipo?

Hilo si swali la ubaharia. Ila soma tena lile la jikoni.

Wenzangu wanatafuna miraa barazani tangu adhuhuri. Nikikataa nitakaa na nani?

Swali la haki. Mwanamume wa Lamu asiye na baraza yuko wapi? Lakini mabaraza ni mengi, na kila moja lina saa zake na watu wake. Liko la kahawa baada ya alasiri, liko la bao, liko la watu wa habari za siasa, liko la wanaosoma magazeti ya juzi. Zunguka wiki mbili tatu kabla hujachagua pa kuketi. Miraa kwa mtu ambaye usingizi wake umeshavurugwa na zamu ni mzigo juu ya mzigo, na presha huipandisha. Ukiweza, ingia kwenye kamati: ya msikiti, ya Maulidi, ya shule, ya BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo. Mtu aliyezoea ratiba hufurahi akipewa mkutano wenye ajenda, hata ukichelewa saa moja kuanza.

Mwanangu naye anataka kwenda baharini. Nimkataze?

Ukimkataza atakwenda kwa ajenti wa kichochoroni. Afadhali umpitishe wewe. Aanze na mafunzo ya msingi ya usalama, kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza, katika chuo kinachotambuliwa na KMA. Bandari Maritime Academy iko Mombasa. Apimwe afya na daktari aliyeidhinishwa.

Kisha mfundishe jambo moja kwa nguvu: baharia halipi ili apewe kazi. Mkataba wa 2006 unamruhusu alipie cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti, basi. Viza ni ya mwenye meli. Anayedai "ada ya nafasi" anauza kitu ambacho pengine hana. Muulize jina la meli na namba yake ya IMO, tarakimu saba, uitafute. Ajenti wa kweli hakasiriki ukimuuliza.

Saa za kazi pia ajue: si zaidi ya 14 katika saa 24, wala 72 katika siku saba. Sisi tulifanya zaidi tukijisifia, na masikio na migongo yetu ndiyo hii.

Nimechoka na nchi kavu. Naweza kurudi?

Inawezekana, kwa masharti. Cheti cha afya cha baharia hakizidi miaka miwili, na presha au sukari ambayo haijadhibitiwa itakuzuia. Vyeti vya ustadi huhuishwa kila miaka mitano, na kwa kawaida lazima uonyeshe umefanya kazi baharini miezi 12 ndani ya miaka hiyo mitano, au miezi mitatu ndani ya miezi sita ya mwisho. Muda ukipita, ni kozi upya na mitihani. Vyeti vya usalama navyo vinataka marudio.

Wenye nafasi nzuri ni mainjinia na maafisa. Kampuni nyingi hazitaki tena baharia wa kawaida mwenye miaka zaidi ya sitini. Matagi na meli za mafuta za safari fupi huwa hazichagui sana umri. Angalia tarehe za vyeti vyako leo, kabla hujapiga simu yoyote. Na mkeo aambiwe kabla ya ajenti.